Shangazi, Usiikatae Bungoma

Matisi, Kitale
Jumapili, tarehe 28 Juni

Shangazi mpendwa,

Leo nitakueleza yote. Nimejiapia hivyo kabla ya kushika kalamu, kwa sababu nikianza kuchagua la kusema na la kuficha nitaishia kukuandikia habari za mvua na mahindi, kama ninavyofanya siku zote. Mama Rispa, uliyeniacha kwake ulipokwenda Bungoma, amekwenda kanisani. Nimemwambia ninabaki nyumbani kupanga vitu vyangu, maana mapumziko ya katikati ya muhula yanaisha leo na saa tisa natakiwa niwe nimeripoti shuleni. Sanduku nililifunga tangu jana.

Ningekupigia simu, lakini simu ni ya Mama Rispa, na Mama Rispa husikiliza hata akiwa jikoni. Isitoshe, kwenye simu wewe hunikatiza. Ungesema, "Nafula, soma. Mambo ya wakubwa waachie wakubwa." Barua haikatizwi.

Jambo lenyewe ni hili. Jana nilipita karakanani kuwasalimu mafundi wa kushona. Mama Rispa akanivuta kando, karibu na mashine yake ya vifungo, akaniambia kwamba tajiri wenu, Bwana Jaswant, amekuomba uwe meneja wa karakana mpya ya Bungoma. Si kwa miezi michache ya kuianzisha tu, kama mlivyokubaliana mwezi wa kwanza, bali moja kwa moja. Akaniambia pia kwamba unakusudia kukataa. Ati unarudi Kitale ukae kwenye kiti chako cha zamani cha msimamizi, kwa kuwa mwakani nitakuwa kidato cha nne na sina mtu. "Lakini usimwambie nimekuambia," akasema. "Ataniua huyo." Sasa nimekuambia. Tafadhali usimwue.

Habari hiyo ilinifurahisha sana. Kisha, kabla sijafika nyumbani, furaha ikaanza kunikera, na nimekaa na kero hiyo mpaka asubuhi hii. Ninaandika ili nikuombe usikatae. Lakini najua huwa hukubali ombi lisilo na sababu, kwa hiyo nivumilie nikukumbushe kwanza jinsi ulivyo ukiwa kazini. Mtu hajioni akifanya kazi. Mimi nilikuona.

Nilikuwa darasa la sita ulipofanywa msimamizi. Mama alikuwa ameshatutoka, na Baba alikuwa amekwenda Mombasa kutafuta kazi, kwa hiyo kila nilipotoka shule nilikuja moja kwa moja karakanani, nikala chakula changu kwenye meza ya kukatia. Asubuhi yako ya kwanza ya usimamizi ilikuwa Jumamosi, na nilikuwepo. Watu walitarajia hotuba. Wewe ulichukua ufagio. Ulipofika chini ya meza ya Wafula, mkataji, ufagio ukagonga kitu, ukainama ukavuta gunia.

Mashine zote zilinyamaza, Shangazi. Unakumbuka? Nilidhani stima imepotea.

Ndani ya gunia mlikuwa na kola zilizokatwa fupi, mifuko iliyoshonwa kichwa chini, suruali yenye mguu mmoja mrefu, sketi iliyounguzwa na pasi. Yalikuwa makosa ya miaka. Kila fundi aliyeharibu kitu alingoja wenzake waende chai, akakisukuma mle.

Wafula alianza kujitetea kabla hajaulizwa. "Mimi hilo gunia sijui, Madam. Nililikuta."

"Ulilikuta, Wafula?" Mama Rispa akamjibu. "Na hiyo suruali ya juzi iliyo juu, pia uliikuta?"

Mimi nilingoja useme nani atafukuzwa. Wewe ulimwaga vyote mezani, mbele ya kila mtu, kisha ukachukua birika ukaanza kumimina chai. Ukasema, "Sitaki kujua ni nani. Nataka kujua ilikuwaje."

Halafu Mama Rispa, kwa kuwa ni mkubwa wa umri na haogopi mtu, akachukua kola moja akaipeperusha juu. "Haya, hii ni yangu. Nilipima shingo ya mwalimu nikaandika ni ya mwanafunzi. Lakini mwalimu mwenyewe hana shingo, bana! Mtu angejuaje?" Karakana nzima ikaangua kicheko, na wewe ukamkabidhi kikombe cha kwanza kwa mikono miwili kama anayempa mgeni.

Baada ya hapo Chebet akainuka. Alikuwa fundi mpya, msichana mwembamba kutoka huko Mlima Elgon, na nilikuwa sijawahi kumsikia akisema sentensi nzima. Akaishika ile sketi iliyoungua. Alisema aliiharibu wiki iliyopita. Alisema aliweka pasi kwenye moto mdogo, lakini moto ulipanda wenyewe.

"Si hiyo pasi inapanda yenyewe kila siku," Wafula akasema. "Mimi huwa nailaza kando nikihesabu mpaka kumi."

"Mimi huwa naijaribu kwenye kitambaa cha mezani," mwingine akasema.

Kumbe pasi ile ilikuwa imemdanganya kila mtu, na kila mtu alikuwa ameishika siri hiyo kama yake peke yake. Uliwatazama mmoja mmoja. Hukusema neno kali. Uliichomoa pasi ukamtuma Wafula aipeleke kwa fundi wa stima saa ileile. Mimi sikuelewa mengi siku hiyo, lakini nilielewa kwamba chumba kilikuwa kimejaa watu waliokuwa wakifanya kazi pamoja kila mmoja akiwa peke yake, na kwamba wewe ulikuwa umefungua kitu.

Tangu hapo ikawa desturi yenu. Aliyekosa hupewa chai ya kwanza, wewe mwenyewe ukimmiminia, kisha huwafundisha wenzake jinsi kosa lilivyoingia, ili lisipate mlango mwingine. Wafula aliipa jina la chai ya kosa. Akawa anatania kwamba siku moja atakosea makusudi, maana chai yako ina maziwa mengi kuliko ya hotelini.

Nimewahi kusoma katika vitabu vya maktaba ya shule kwamba kiongozi ni yule aliye mbele. Sidhani walioandika hivyo wamewahi kukuona siku ya mikono ya kushoto.

Ilikuwa kazi ya koti za shule moja huko Ndalu. Wafula alikuwa matangani kwao, na siku ya kukabidhi ilikuwa imekaribia, kwa hiyo ulikata wewe mwenyewe. Kitambaa kile kilikuwa na uso na mgongo, yaani upande wa nje na wa ndani. Ulinifundisha baadaye kwamba mtu akikitandika tabaka juu ya tabaka, lazima uso uangaliane na uso, ndipo kila mkono wa kushoto utoke na mwenzake wa kulia. Nyuso zote zikitazama juu, mikono yote hutoka ya upande mmoja. Na huwezi kujua kwa kutazama. Utajua ukianza kushona.

Chebet ndiye aliyeanza kushona.

"Madam, naomba mkono wa kulia."

"Chukua hapo."

"Hapa hakuna."

"Angalia chini yake."

"Chini pia ni ya kushoto," Chebet akasema, kwa sauti ya mtu anayeomba msamaha kwa jambo asilolifanya.

Mama Rispa akaja, akainua mmoja, wa pili, wa tatu. "Hizi mikono zote ni za kushoto! Kwani hiyo shule watoto wako na mikono gani?"

Hakuna aliyecheka, kwa sababu mlangoni alikuwa amesimama Bwana Jaswant mwenyewe, amekuja kuona kazi imefika wapi. Babu yake ndiye aliyeanza kuuza vitambaa mjini Kitale, na yeye hutambua kosa la kitambaa kwa jinsi watu wanavyosimama. Alitazama lile rundo. Akakutazama wewe.

"Nasimiyu, wewe ni mkubwa hapa," akasema polepole. "Njoo ofisini tuongee huko. Si mbele ya watu wako."

Nawe ukamjibu, "Nakuja, Bwana. Wacha kwanza ninywe chai."

Shangazi, nilifumba macho. Nilidhani siku yako imefika. Nilipoyafumbua, Chebet alikuwa ameshika birika, na kifuniko kilikuwa kikigongagonga kwa jinsi alivyotetemeka. Akakumiminia. Ulisimama kwenye meza yako, ukanywa kidogo, ukaanza kufundisha. Ulisema ulitandika kitambaa huku ukiongea na simu. Ulisema ulihesabu tabaka ukasahau kuangalia nyuso. Uliwaonyesha kwa mkono jinsi ya kupapasa kitambaa ukiwa na shaka. Ulieleza kosa lako kwa utulivu uleule uliotumia kueleza makosa yao, bila kujipiga kifua na bila kujidharau. Bwana Jaswant alivuta kigoda akaketi, na hakuondoka mpaka ulipomaliza.

Kisha akauliza, "Kwa nini unajishusha hivi?"

"Nisipofundisha langu," ukasema, "kesho watanificha lao."

Maneno hayo nimeyaandika ndani ya jalada la kitabu changu cha Kiswahili. Mwalimu aliyaona akaniuliza ni methali ya wapi. Nikamwambia ni ya nyumbani.

Jora lile lilikuwa limebakisha kitambaa cha kutosha mikono ya kulia ya nusu ya koti tu, na jora jingine lilikuwa na rangi iliyopauka kidogo. Mkono mmoja ungeonekana mgeni kando ya mwenzake. Ilibidi kungoja kitambaa kingine. Hukungoja shule ipige simu. Ulipanda pikipiki kwenda Ndalu kabla ya siku yenyewe, na kwa kuwa ilikuwa Jumamosi ulinichukua. Mwalimu mkuu alikupokea vizuri mpaka uliposema lililokupeleka.

"Ijumaa ni siku ya wazazi," akasema. "Nitawavisha nini watoto? Maneno yako?"

Alisema mengi. Wewe ulimsikiliza mpaka akachoka, ukamwambia ni koti ngapi zitakuwa tayari, na zilizobaki ataletewa lini, na ukaomba radhi mara moja tu. Tulipotoka, ukaninunulia ndizi sokoni Ndalu. Mimi nilikuwa nimekasirika kwa niaba yako.

"Shangazi, si ungemwambia tu kitambaa kimechelewa? Asingejua."

"Wafula angejua," ukasema. "Chebet angejua. Siku nikiwauliza ukweli, watanipa ukweli wa aina gani?"

Mwaka uliofuata shule ile haikutuletea kazi. Huwa silifichi hilo ninapowasimulia wenzangu habari zako, maana wengi hupenda hadithi ambamo aliyesema kweli hushinda palepale. Wewe hukushinda palepale. Ulipoteza kazi nzuri, na wiki nzima ulipika huku ukipiga hesabu za hasara. Lakini katika wiki hiyohiyo sikusikia fundi hata mmoja akisema "sijui" alipoulizwa jambo.

Sasa nafika kwa Chebet, ambaye hasa ndiye niliyetaka kufika kwake.

Baada ya siku ya mikono ya kushoto uliamua afundishwe kukata. Wafula alinung'unika. "Huyu mtoto mnamfundisha anitoe kazini?" Nawe ukamwuliza, "Wafula, siku nyingine ukienda matangani, ungependa akate nani? Mimi tena?" Watu walicheka mpaka Mama Rispa akashika mbavu, na Wafula akampa Chebet mkasi wake yeye mwenyewe. Akaanza kumfundisha kwa maringo kama mwalimu wa chuo. Nadhani hata yeye alikua siku hiyo.

Ulimpeleka hatua kwa hatua. Kwanza kukata, kisha kupima wateja, kisha kuongea na wateja, jambo lililomtoa jasho kuliko yote. Kabla hujaenda Bungoma ulimkabidhi funguo. Alikuja hapa Matisi kukurudishia, akasema hawezi. Ulimpa uji. Akaja tena siku iliyofuata, ukampa uji tena. Akaacha kuja. Mimi nilikuwa na wivu kidogo, nitakiri, kwamba Chebet aliachiwa maelekezo marefu kuliko yangu.

Jana nilimwona akiwa kwenye kazi yako. Hafanani nawe, Shangazi. Hatanii, na sauti yake bado ni ndogo, lakini akisema, watu husogea karibu ili wasikie. Kulikuwa na fundi mpya aliyeshona mfuko juu ya alama ya chaki badala ya chini yake. Chebet alimmiminia chai na birika halikutetemeka. Halafu niliona jambo jingine. Mashine ya vifungo imehamishwa, iko dirishani. Mama Rispa alikuwa ameomba dirisha miaka yote, na wewe, samahani, hukumsikia. "Shangazi yako ni mtu mzuri sana," akaniambia, "lakini huyu ameona macho yangu." Hakusema kwa kukulaumu. Alisema kwa fahari, kama bibi anayesifu mjukuu mbele ya mama yake.

Ndipo akanieleza zile habari zako, na Chebet akazisikia. Mama Rispa hana sauti ya kunong'ona.

"Ni vizuri," Chebet akasema. "Akirudi nitarudi kwa mashine yangu. Hata hii meza sijaizoea."

Nilimwuliza kama anataka urudi.

"Mimi ni nani niseme asirudi? Si ni yeye alinifundisha kila kitu?"

Shangazi, sikumwuliza kama unaweza kurudi. Nilimwuliza kama anataka, na hilo hakulijibu. Alikuwa akikunja tepu ya kupimia, akaikunjua, akaikunja tena. Kamwe hatakuambia. Ukirudi atakupisha, atakushukuru, atakaa kwenye mashine yake ya tatu kutoka mlangoni, na hakuna atakayejua alichopoteza isipokuwa yeye, mimi na sasa wewe. Ulimlea asimame, kisha urudi umwombe kiti? Sijaandika hivyo kwa utovu wa adabu. Nimeandika kwa sababu ulinifundisha kuuliza ilikuwaje, nami nauliza itakuwaje.

Na Bungoma je? Nilipokuja kwako likizo ya mwezi wa nne nilikaa nawe siku chache kwenye karakana ile iliyo upande wa stesheni, na niliona mwanzo wa jambo. Unamkumbuka yule mzee Wekesa, mshonaji wa suti, alivyokataa kikombe? "Mimi nimeshona kabla hujazaliwa, dada. Hiyo chai ya makosa wape watoto." Mafundi wote walikutazama waone utafanya nini. Ukamwambia kwa Kibukusu, kwa heshima zote, "Basi nimiminie mimi, mzee wangu, kwa sababu jana nilikosa." Akakumiminia, akasikiliza, akakusahihisha mara mbili. Kesho yake alikuja na shati mkononi akiuliza kama birika liko motoni. Ulinikonyeza. Nilikuwa sijakuona ukifurahi hivyo tangu nikiwa mdogo.

Watu wale bado wana magunia yao, na hawana Chebet wala Mama Rispa. Kitale tayari ina wote wawili.

Utauliza, na Nafula ana nani?

Muhula huu nimechaguliwa kapteni wa bwalo. Sikukuambia kwenye simu kwa kuwa nilitaka kwanza nione kama nitaweza. Tatizo letu lilikuwa maharagwe. Meza za mbele zilikuwa zinapata maharagwe na meza za nyuma, walipo kidato cha kwanza, zinapata mchuzi. Wapakuaji walikuwa wakilaumiana kila siku. Makapteni waliotangulia waliwaadhibu wote, na mchuzi ukabaki mchuzi.

Niliomba uji jikoni nikawaketisha wapakuaji wangu baada ya chakula. Nikasema sitaki kujua ni nani. Walinitazama kama mtu aliyepata homa. Mara ya kwanza waliuacha uji ukapoa wakaenda zao, na jioni hiyo nilifikiri labda jambo hili linafanya kazi kwako tu. Niliwaketisha tena siku iliyofuata. Ndipo msichana mmoja mpole akasema kwamba dada wa kidato cha nne humkazia macho anapopakua, naye huogopa, huongeza kijiko, kisha huongeza kingine. Mwenzake akasema, "Hata mimi." Na mwingine. Ilikuwa kama ile pasi, Shangazi. Wote walikuwa wakiogopa kitu kimoja, kila mmoja peke yake.

Sasa meza ya kidato cha nne naipakulia mimi. Madada hao hunikazia macho. Nami huwatazama, nawaambia "karibu, dada," natoa kijiko kilekile. Wamenipa jina la Mama Maharagwe. Wiki ya kwanza ilikuwa ngumu, kuna mmoja alinimwagia maji ati kwa bahati mbaya. Lakini kidato cha kwanza wanakula maharagwe, na wapakuaji wangu wananiambia mambo kabla hayajaharibika.

Siandiki haya ili unisifu, ingawa ukinisifu sitakataa. Naandika ujue nina nani. Nina wewe hata usipokuwepo. Nina Mama Rispa, ambaye hunilisha kana kwamba naenda vitani. Nina wasichana wanaoniita Mama Maharagwe. Na Bungoma si ng'ambo. Mtu akitoka hapa asubuhi, chakula cha mchana anakula huko.

Niliahidi kusema yote, kwa hiyo nitasema na hili. Mimi nataka urudi. Nataka kukuta taa ya nyumba yetu ikiwaka nikifunga shule. Nataka unisuke nywele huku ukilalamika kwamba kichwa changu hakitulii. Nikisikia mtu akisema wewe ni wa Bungoma sasa, nabadilisha mazungumzo. Ukirudi nitakukimbilia njiani na sitajifanya sikufurahi. Lakini nimekaa na hilo tangu jana na nimeona kwamba nikikuacha ukatae kwa ajili yangu, itakuwa nimekuchukua kutoka kwa watu wengi ili unisuke nywele. Naweza kujifunza kusuka. Mzee Wekesa hawezi kujifunza mwenyewe unalomfundisha.

Wewe husema mtu akikuzwa kazini si yeye peke yake anayepanda. Kuna anayempisha na kuna anayemfuata. Chebet anakufuata. Siku moja, Mungu akipenda, huenda nami nikafuata nyuma yenu, si kwa kushona, maana unajua mishono yangu ilivyo, bali kwa kazi yoyote ile nitakayopewa pamoja na watu. Nataka nikitazama mbele nikuone uko juu zaidi. Sitaki nikukute umerudi chini kuningoja.

Wafula anakuja Bungoma Jumanne kuchukua majora ya kitambaa, na atarudi siku hiyohiyo. Nitampitishia barua hii nikielekea shuleni. Najua atasema, "Barua kwa enzi hii ya simu? Kwani ni ya mapenzi?" Nitamwambia ndiyo. Mpe jibu arudi nalo. Nitamwomba alifikishe kwenye lango la shule. Usiandike mengi. Najua utataka kuuliza kama nakula na hesabu zinaendaje. Nakula. Hesabu bado zinanisumbua kidogo lakini sijazikimbia. Msalimie mzee Wekesa, na mafundi wote, na jirani yako mwenye baiskeli.

Baki salama, Shangazi, na Mungu aibariki mikono yako. Nijibu hili moja tu: tukifunga shule mwezi wa nane, nije Bungoma, au nikungoje hapa Matisi?

Mtoto wa kaka yako, ambaye ulimlea kama wako,
Nafula